Mikono Chini ya Kinanda

"Basi uende weye," Kalombo alisema. "Kama ni ile mikono banataka, uende nayo ku Bulaya. Mi nitabaki hapa kupika bukari."

Mwenze hakuinua uso. Alikuwa akipiga pasi sketi nyeusi aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya safari, na pasi ya makaa haimsubiri mtu anayegombana. Aliipitisha kwenye upindo, akaigeuza sketi, akaipitisha tena.

"Usinichezee. Tunabishana tangu juzi, na mi nimechoka. Saa sita Abbé Kazadi anapeleka jibu ku redio ya phonie. Jibu ni ndiyo."

"Jibu ya nani?"

"Ya hii nyumba."

"Hii nyumba haina kinanda, mama. Iko na mbao tu."

Mbao zenyewe zilikuwa sakafuni katikati ya sebule, zikizuia njia ya kwenda chumbani. Ngeleka, baba yake Kalombo, seremala katika karakana ya kampuni ya migodi, alizitengeneza kwa masanduku ya vipuri na kuzifunga mpira wa baiskeli ili kila ubao ukikanyagwa urudi juu wenyewe. Zilikuwa vibao ishirini na saba, virefu na vifupi, vimepangwa kama vibao vya miguu vya kinanda cha kweli, ila havikuunganishwa na kitu chochote. Vikikanyagwa vililia puu, kama mtu anayegonga mlango kwa kiwiko. Kwa wiki tatu binti alikuwa amevikanyaga asubuhi na jioni, na kwa wiki tatu Mwenze alikuwa amejikwaa navyo kila alipokwenda kulala.

Kinanda cha kweli kilikuwa kanisani, mwendo wa nusu saa. Kilikuwa kidogo, lakini cha mabomba halisi, kilicholetwa na mapadre Wabelgiji zamani kabla Kalombo hajazaliwa. Katika vita vya mwaka wa sabini na nane familia nyingi zilijificha mle kanisani kwa siku kadhaa, na ilibidi maji ya watoto yachemshwe kwa kitu fulani. Vibao vya miguu ndivyo vilivyotangulia motoni, kwa kuwa vilikuwa vikavu na vyepesi kung'oa. Hakuna aliyelaumiwa. Vita vilipokwisha, padre mzee aliyekuwa akimfundisha Kalombo alifunga sanduku lake akaenda zake, na chini ya kiti cha kinanda zikabaki ncha za vijiti vyembamba zilizochomoza sakafuni. Kila kijiti kikivutwa, bomba moja zito lilinguruma nyuma ya altare.

Kalombo alikuwa na miaka kumi wakati huo, na mikono yake tayari ilijua kazi. Lakini bila zile sauti nzito wanaume wa kwaya walikuwa wakipotea kila ubeti wa pili. Mwenze aliinama, akaviangalia vile vijiti, akaona jambo dogo. Yeye alikuwa mwalimu wa ushonaji mwenye diploma, katika nyumba ya mafunzo ya kampuni, ile ambayo kila mtu huiita foyer, na wake za wachimbaji walikuwa wakimletea matatizo magumu kuliko hayo kabla ya saa mbili asubuhi. Akafunga uzi wa rangi yake kwenye kila kijiti. Akaandika rangi zilezile chini ya mistari ya muziki kwenye vitabu alivyoviacha padre. Kisha akatandika mkeka chini ya kiti, akalala ubavu, akavuta.

Ikawa hivyo kwa miaka saba. Kalombo juu kwenye kibodi, mama yake chini kwenye nyuzi, na Tata Mukalay, katekista, nyuma ya ukuta akisukuma mtaimbo wa kutia upepo. Watu walimpa Mwenze jina la Mama Chini, na watoto wa komunyo ya kwanza waliulizana kama yule mama hulala usingizi misa nzima. Hakuna aliyeona ajabu. Gunia la makaa likipandishwa baiskeli, mmoja hushika usukani, mmoja huinua, mmoja hufunga kamba, na hakuna anayeuliza gunia limebebwa na nani.

Ndiyo maana tangazo lilipofika, halikuwasumbua. Mtawa mmoja mgeni alilileta: mashindano ya kimataifa ya wapiga kinanda vijana, katika mji mmoja wa Uswisi, mwezi wa saba, kwa wasiozidi miaka ishirini, peleka kaseti. Waliazima redio ya kaseti, wakarekodi Jumamosi moja kama walivyopiga Jumapili zote. Kisha ikaja fomu, na kwenye fomu mstari mmoja: mzazi athibitishe kwamba mshindani amepiga peke yake, kwa mikono na miguu yake, bila msaada wa mtu. Mwenze aliusoma mstari ule. Kifaransa chake kilikuwa kizuri. Hakuweza kujidanganya kwamba hakuelewa. Alijiambia kwamba waliouandika hawajawahi kuona kinanda kikichemsha maji ya watoto. Akajiambia pia kile ambacho kila mtu nchini humu hujiambia anapokwama, Article 15, jipange mwenyewe. Akatia sahihi.

Barua ya majibu ilimtaja Kalombo miongoni mwa kumi na wawili waliochaguliwa. Tiketi ya ndege ingelipwa na wenyeji. Na chini kabisa waamuzi walikuwa wameongeza maneno machache kwa kalamu: wamependa mikono, lakini hasa miguu, miguu tulivu, isiyo na haraka, yenye kujua inakokwenda.

Mwenze aliwasomea mumewe na binti yake mstari huo mara moja, wakacheka wote watatu mpaka Ngeleka akashika ukuta. Kesho yake aliusoma tena peke yake, katika ghala la vitambaa la foyer, mlango ukiwa umefungwa. Kisha tena. Kwa miaka kumi na tisa ya kazi, mikono yake ilikuwa imepata mhuri wa mkaguzi na hakuna zaidi.

"Kaa," alisema sasa, akaiweka pasi kwenye kigae. "Nionyeshe."

"Nilikuonyesha jana."

"Jana nilikuwa napika. Kaa."

Kalombo alisogeza kiti, akavua kandambili. Alikuwa mrefu, na magoti yake yaligonga meza iliyokuwa mahali pa kibodi. Akaweka vidole kwenye ukingo wa meza, akavuta pumzi, akaanza kuimba sauti ya juu kwa mdomo uliofumbwa huku vidole vikitembea. Chini, miguu ikaanza kutafuta. Puu. Puu. Kimya. Puu.

Mwenze alisimama nyuma yake, macho kwenye nyayo. Muziki huu aliujua kama njia ya kisimani: nyekundu, nyekundu, kijani, mbili za buluu, ngoja, kahawia. Kahawia ikafika. Mguu wa kulia wa binti ulikuwa bado hewani, ukisita juu ya vibao viwili, na ulipotua, ulitua umechelewa.

Kalombo aliacha kuimba. Hakuwa akiangalia miguu yake. Alikuwa amegeuka nusu, akiangalia chini, ubavuni mwa mama yake, na Mwenze akafuata macho yake. Mkono wake mwenyewe wa kulia ulikuwa umefumbwa, vidole vitatu vimeshika uzi usiokuwepo.

"Umeona?" Kalombo aliuliza.

"Sijaona kitu."

"Mukono yako, mama. Yenyewe ilishafika. Mi ningali natafuta."

"Miezi mbili inatosha."

"Weye ulichukua myaka saba."

Ngeleka, aliyekuwa ametoka zamu na kusimama mlangoni na sabuni mkononi, aliona ni vema aseme neno. "Mi ningesema tumuvalishe Mama Chini ile sketi. Nani ku Bulaya anatujua?"

"Tata Ngeleka, uende kuoga," alisema mkewe.

"Naenda. Lakini bibao byangu habiko na makosa. Hiyo mujue." Akaenda.

Kalombo aliegemeza viwiko mezani. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hiyo ilimchosha Mwenze zaidi kuliko ugomvi. "Usiseme sitaki, mama. Nataka kusikia kile kinanda mpaka tumbo inaniuma. Padre alisema kinatikisa madirisha. Lakini pale nitakaa kwa kile kiti, bantu bote banaangalia chini. Nitabapa miguu ya nani?"

"Utasema ni baridi. Ku Bulaya kuna baridi, miguu inakufa. Kila mutu anajua."

Binti alicheka, bila kutaka. Kisha akaacha. "Mwezi wa saba, mama? Kule ni mwezi ya jua."

Mwenze alichukua kitambaa cha kichwa. Saa tano ilikuwa imepita.

"Nyoosha upande ule mwingine wa sketi," alisema. "Makaa yangali moto."

Njiani vumbi lilikuwa jekundu na halikuwa na haraka ya kutua. Magari makubwa ya mgodi wa Mashamba yalipita mawili mawili, na kila yalipopita Mwenze alifumba macho na kuendelea kutembea, kama watu wote wa Kolwezi wanavyojua kutembea. Miguu ilimuuma. Mgongo ulimuuma upande mmoja, ule wa mkeka. Alifikiria kwamba hajaomba mambo mengi. Shule ya Kalombo ilifungwa miezi mitatu mwaka jana kwa kukosa walimu. Cherehani sita kati ya kumi za foyer zilikuwa zimesimama kwa kukosa sindano. Mchele ulikuja na kutoweka kama jamaa wa mbali. Katikati ya hayo yote jambo moja lilikuwa limetoka mkononi mwake likafika mahali. Likafika, likapokelewa, likajibiwa. Alitaka liende mpaka mwisho, basi. Hilo tu.

Kwenye foleni ya unga wanawake walimwona. Aliyetangulia kuita alikuwa Valérie, mwanafunzi wake wa zamani, mwenye mtoto mgongoni na mdomo usiopumzika.

"Mama Chini! Ile miguu inaondoka lini?"

"Ikiitwa," Mwenze alijibu.

"Abbé alisoma barua mu misa, mi nilikaribia kuanguka. Miguu tulivu! Miguu ya Kalombo tunaonaga ku soko, inakanyaga nyanya za watu."

Foleni nzima ikacheka. Mwanamke mwingine alisema sasa ni zamu ya Wazungu kula tulichowapikia sisi, na wakacheka tena, kicheko kizuri cha watu ambao hawajapata ushindi siku nyingi. Mwenze alicheka nao. Alipowaacha, aliona kwamba kicheko kimemmaliza nguvu kuliko jua. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulikuwa ukingoja kufurahi. Lakini siku ile ya mwezi wa saba, hakuna hata mmoja wao ambaye angekaa kwenye kile kiti.

Chumba cha phonie kilikuwa nyuma ya nyumba ya mapadre. Phonie ilikuwa mashine ya redio, kubwa kama kabati la viatu, ambayo misheni zote za upande huu ziliitumia kuzungumza kila siku saa sita, maana simu zilikuwa zimekufa na barua ilichukua miezi. Kila misheni ilisikia maneno ya kila misheni. Abbé Kazadi, padre wa parokia, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya, alimpisha Mwenze kwenye kiti chake. Tata Mukalay, ambaye pia ndiye aliyeitunza mashine, alikuwa akifuta vumbi kwenye vitufe kwa mkono wa shati.

"Leo utasema mwenyewe, mama," alisema Abbé. "Ni heshima yako."

Wakasubiri zamu. Misheni ya Mutshatsha iliomba mbegu za mahindi na kueleza kwamba daraja limebebwa na maji. Tenke ilisema treni haijaonekana siku ya tisa, na kama kuna anayejua iliko, awaambie abiria wanaolala stesheni. Kila aliyemaliza alisema à vous, yaani zamu yenu, na sauti ya Sista Ntumba kutoka Lubumbashi ilijibu kila mmoja kwa uchovu uleule wa adabu.

"Kolwezi, nawasikia. À vous."

Abbé aliinamia kipaza sauti. "Sista, tuna jibu la mashindano ya kinanda. Mama wa msichana yuko hapa. À vous."

"Vizuri, nilikuwa nawangoja. Teleksi ya kwenda Uswisi inaondoka leo saa nane." Sauti ilizama katika mngurumo, ikaibuka. "Kuna jambo zuri. Waliniandikia jana. Jioni ya ufunguzi, kabla ya mashindano, wanaomba huyo mtoto apige muziki wa miguu peke yake. Mikono isiguse. Ni kwa sababu ya kile walichokisikia kwenye kaseti. Wamesema wanataka wengine wote waone. Hongera, mama. À vous."

Sauti nyingine ikaingia bila ruhusa, ya Mutshatsha: "Hongera, Kolwezi. Hata sisi tunajivunia."

Kitu cha kwanza alichohisi Mwenze kilikuwa joto lililompanda kifuani, na hakujifanya hakulihisi. Walitaka kuisikia mikono yake peke yake. Sio kibodi, sio mtoto, sio kwaya. Nyuzi zake. Aliwaona watu wale waliovaa vizuri wamenyamaza, wakiisikiliza nyekundu ikiifuata nyekundu, kisha kijani.

Halafu akamwona Kalombo. Alimwona amekaa kwenye kiti kirefu chini ya mabomba marefu kuliko nyumba, na sketi nyeusi iliyopigwa pasi vizuri pande zote mbili. Mikono ameilaza mapajani, ile mikono yake mizuri inayojua kazi, kwa kuwa amekatazwa kuitumia. Viatu vipya. Na kule chini ya kiti, sakafu tupu.

"Mama," Abbé alinong'ona, "wanangoja."

Mwenze alichukua kipaza sauti. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Akabonyeza kitufe.

"Sista, hapa ni Mwenze. Ile miguu ya kaseti siyo miguu. Ni mikono yangu. Kinanda chetu hakina vibao, mimi nalala chini navuta vijiti. Kalombo amepiga ya juu, yote, peke yake, na amepiga vizuri. Ya chini ni mimi. Karatasi ilisema bila msaada, na mimi nilitia sahihi nikijua. Mtoto alikataa, mimi nikalazimisha. Waandikie hivyo. Kama bado wanamtaka kwa mikono yake tu, waseme. Kama hawamtaki, waseme vilevile. À vous."

Aliachia kitufe. Nyuma yake Mukalay alisema polepole, "Ungeongeza, upepo ni wa mimi," na Mwenze, bila kugeuka, akamwambia, "Nyamaza, Tata Mukalay."

Mashine ilinguruma. Mvua ilikuwa mahali fulani kati yao na Lubumbashi, ikikatakata hewa. Kisha sauti ya Sista Ntumba ikaja vipande vipande.

"Kolwezi... sikupata... nimesikia mikono, nimesikia vizuri... ni ndiyo? Rudia, Kolwezi. À vous."

Abbé Kazadi aliweka kiganja juu ya kipaza sauti, kwa upole, kama mtu anayefunika chakula. Alikuwa amegeuka rangi. Alikuwa amesoma barua ile kwa sauti mbele ya parokia nzima.

"Hajasikia, mama," alisema. "Hewa mbaya. Nikisema ndiyo sasa, imekwisha. Hakuna aliyesikia."

Mwenze aliuangalia mkono wa padre. Ulikuwa laini, wa mtu wa vitabu. Akauinua kwa vidole viwili, akauweka mezani. Akasogeza kiti karibu, akanyoosha mgongo kadiri ulivyokubali, akabonyeza kitufe tena, akasema polepole, neno baada ya neno, kama anavyowatajia wanafunzi vipimo vya kukata kitambaa ambacho hakuna kingine:

"Lubumbashi, hapa ni Kolwezi. Narudia. Siyo miguu..."